Kigari Kilichopanda Mlima wa Shule

Asubuhi ile mlimani tulikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba yetu. Mdogo wangu wa kike, mwalimu, aliyekaa nyuma ya usukani. Mdogo wetu wa mwisho, fundi wa umeme, koleo likichungulia mfukoni mwake. Jirani yetu Msukuma na maksai wake wawili. Mwalimu mkuu, aliyesimama juu kabisa mlangoni mwa ofisi yake na kikombe cha chai. Na wanafunzi, walioacha mafagio wakaja kujipanga kando ya njia kana kwamba mwenge unapita. Baba na mama hawakuwepo. Wamelala Mofu miaka mingi sasa. Nawataja kwa sababu kila jambo kubwa la nyumba yetu huwa nalitazama kwa macho yangu na kwa macho yao pia.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kigari cha umeme, cha aina ile inayozunguka kwenye viwanja vya gofu, kilitaka kupanda mlima wa shule na mwalimu ndani, akiendesha mwenyewe, bila mtu kusukuma. Kikipanda, mdogo wangu anabaki kufundisha pale. Kikishindwa, anahamishwa.

Sisi tulizaliwa Mofu, kwenye maji. Baba alivua na kulima mpunga kama wenzake wote. Alitangulia yeye, mama akamfuata haukupita muda, na mimi wakati huo nilikuwa darasa la sita. Sikurudi shule. Hakuna aliyenikataza. Niliangalia midomo iliyokuwepo na mikono iliyokuwepo, nikaona mikono ni yangu peke yangu. Nililima, nikapalilia majaruba ya mpunga ya watu, nikauza samaki wa kukaanga pale stendi Ifakara, na wadogo zangu wakasoma. Mmoja akatoka fundi. Mwingine akatoka mwalimu. Siku alipoajiriwa sikulia wala sikupiga vigelegele. Nilichukua tambara na ndoo nikapiga deki nyumba yetu, na nyumba yenyewe ilikuwa ya sakafu ya udongo. Nilikuwa natafuta tu kitu cha kufanya na furaha ile.

Mwaka mmoja kabla ya kuajiriwa alipata ajali ya pikipiki, barabara ya Kidatu. Nyonga yake ya kushoto iliungwa kwa vyuma. Anatembea kwa gongo moja, na kwenye tambarare anatembea vizuri. Kutanua miguu ili apande bodaboda hawezi, na hata angeweza asingepanda. Mpaka leo akisikia pikipiki nyuma yake husimama pembeni na kungoja ipite.

Shule aliyopangiwa iko juu ya mlima, upande wa Mkula, pale ambapo bonde linakwisha ghafla na milima ya Udzungwa inaanza. Tulihama wote watatu tukapanga nyumba karibu na barabara. Njia ya kwenda shuleni inaanzia kwenye kibanda cha chipsi, inapita katikati ya migomba, inapinda penye jiwe kubwa jeusi, halafu inasimama wima. Kutoka jiweni kwenda juu unaona ukuta mwekundu mbele ya uso wako, na watoto wanaupanda huku wanaimba.

Tulikodi bajaji. Ilipofika jiweni ikainua gurudumu la mbele, dereva akashuka kinyumenyume hadi barabarani, jasho linamtoka.

"Dada yangu," akaniambia, "hela uliyonipa haitoshi kununua meno mapya."

Basi tukawa tunapanda kwa miguu, mimi nyuma yake nikimwegemeza, gongo lake likichimba vishimo kwenye udongo. Alikuwa akifika blauzi imelowa, anakaa kipindi kizima cha kwanza akifundisha kutoka kwenye kiti. Mwalimu mkuu alivumilia muda mrefu. Siku moja akatuita wote wawili ofisini, akatukaribisha viti na kusema kwa upole kabisa:

"Mwalimu, kazi yako naipenda. Lakini unafika umeshachoka kabla hujaanza. Kuna nafasi Malinyi, shule ya tambarare, nyumba ya mwalimu iko palepale. Shule zikifunguliwa Januari, kama hujapata njia ya kufika hapa mwenyewe, nitakuombea uende huko."

Aliliweka kama zawadi, na kwa mtu mwingine ingekuwa zawadi. Lakini Malinyi ni mbali na sisi, na mdogo wangu alishapata darasa lake, watoto waliokuwa hawajui kugawanya sasa wanagawanya. Njiani tukirudi aliniambia, "Dada, si kwamba siwezi kuishi peke yangu. Sitaki tu mlima ndio uniamulie."

Maneno hayo niliyabeba.

Fundi wetu ndiye aliyekuja na habari ya vigari. Alikuwa ameviona Kidatu, kwenye yadi ya mtu anayenunua vitu vilivyotumika. Alinieleza akiwa amesimama, jinsi anavyofanya akiogopa nitakataa. Kina magurudumu manne, akasema, kwa hiyo hakipinduki ovyo. Kiti kiko chini, mtu anakaa kwanza ndipo anaingiza miguu. Hakuna klachi, mguu wa kulia peke yake ndio unaofanya kazi, na wa kushoto unapumzika. Hapo nikaacha kuosha vyombo.

"Kwa hiyo anaweza kuendesha mwenyewe?"

"Ndicho ninachokwambia, Dada."

Siku ya kwenda Kidatu, jirani yetu Msukuma alipanda basi pamoja na mimi na fundi, maana alikuwa anatafuta mnyororo wa plau. Ni mtu mzima, alikuja bondeni na ng'ombe wake zamani, na tangu tuhamie jirani naye hajawahi kupitisha siku bila kututania. Sisi kwake ni wala kambale, yeye kwetu ni mtu asiyejua kuogelea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kama tumebeba nyavu.

Yadini palikuwa na vigari viwili. Cha kwanza kilikuwa cheupe, kinang'aa, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa. Cha pili kilikuwa cha kijani kilichofifia, nyuma kimewekewa kisanduku cha bati, kiti kimechanika hadi sponji linaonekana.

"Hiki hapa," muuzaji akasema akipangusa cheupe, "kimebeba wageni wa hoteli. Dada, ukikaa humu wewe ni waziri."

"Na kile?"

"Kile kilikuwa kinabeba mashuka ya kufua. Kile ni dobi."

Fundi wetu aliinua viti vyote viwili. Chini ya kiti cha waziri palikuwa na betri sita. Chini ya kiti cha dobi, nane. Akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba chenye nane kina msukumo mkubwa zaidi. Muuzaji alisikia.

"Vyote vinakwenda, bwana mdogo. Chaji tu."

Jirani yetu alikuwa anakitazama kimoja, anakitazama kingine, kama mtu aliye mnadani. Halafu akauliza, "Mlima uko wapi?"

"Mlima gani, mzee?"

"Wowote. Mimi maksai simnunui akiwa amesimama anatafuna. Namfunga jembe kwanza."

Nyuma ya yadi palikuwa na tuta la udongo walilokuwa wakilitumia kupakizia vyuma kwenye lori. Tukapakia vipande vya chuma ndani ya kila kigari, uzito niliokadiria kwa mikono yangu kuwa wa mwalimu wetu pamoja na mfuko wake wa madaftari, maana huo uzito mgongo wangu unaujua. Cheupe kikapanda kwa kulalamika. Cha kijani nacho kikapanda kwa kulalamika. Muuzaji akatupa mikono, kama kusema, mnaona?

Tofauti ilikuja wakati wa kushuka. Cheupe kilipoelekezwa chini kilikimbia. Muuzaji alikanyaga breki kwa miguu yote miwili na bado akaenda kugonga mapipa. Cha kijani, fundi wetu alipoondoa mguu, kilijizuia chenyewe. Kilishuka taratibu, kwa sauti nyembamba, kama mwanamke anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Mimi sikuwa nafikiria kupanda tena. Nilikuwa namwona mwalimu wetu saa tisa alasiri, mvua imenyesha, anarudi nyumbani kutoka juu kule.

"Nachukua dobi," nikasema.

Muuzaji alicheka hadi akakaa kwenye pipa. "Watu wanaacha waziri wanachukua dobi!"

"Waziri wako hana breki," jirani yetu akamjibu, na hapo hata muuzaji mwenyewe akaacha kubishana juu ya bei. Tangu siku hiyo kigari kinaitwa Dobi, na wanafunzi wote wanakijua kwa jina hilo.

Tulikishusha nyumbani kwa lori la mchanga, tukakichaji usiku kucha, asubuhi tukakipeleka mlimani. Kilipita migomba vizuri. Kikafika jiweni. Kikasimama, kikatoa sauti kama ya mbu, basi. Mdogo wangu fundi alipima betri akasema zimezeeka, zinaonyesha zimejaa lakini zikibanwa zinakata pumzi. Alitaka kupima na mambo mengine, nyaya na kaboni, vile vipande vinavyoingiza umeme ndani ya mota. Lakini wakati huo watu walikuwa wameshajaa, na kila mtu ana neno lake. Neno lao lilikuwa moja: matairi.

Kwa mtu wa bonde, hilo halina mjadala. Sisi tunajua matope. Trekta inazama au haizami kutokana na gurudumu lake. Pawatila, trekta ya mkono, ikiwa na magurudumu madogo inabaki jarubani hadi watu waje na kamba. Ukubwa wa gurudumu ndio nguvu. Hivyo ndivyo nilivyokua nikiona, na baba aliona hivyo kabla yangu. Na tairi za Dobi zilikuwa ndogo kama sahani za pilau.

"Dada, tupime kwanza," mdogo wangu akasema.

"Tupime nini? Umewahi kuona trekta la matairi madogo?"

Akarudisha kipimo chake mfukoni, kwa sababu mimi ni mkubwa. Tukapata Ifakara matairi ya gari dogo la mizigo, fundi wa kuchomelea akainua mwili wa Dobi ili yaenee. Kilivyotoka pale kilikuwa kinapendeza, siwezi kusema uongo. Kwenye tambarare kilikimbia kuliko mwanzo. Nilikaa pembeni ya mdogo wangu fundi nikipunga mkono kwa watu wa Mkula, na mpaka leo kuna wanaonipungia vile kwa kunicheka.

Kupanda, hakikufika hata jiweni. Kwenye migomba tu kilianza kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Fundi akaondoa mguu, akakanyaga breki, lakini breki zilikuwa za gurudumu dogo. Dobi kikaanza kurudi nyuma, polepole kwanza, kisha si polepole. Fundi akakata usukani, kikaingia kwenye migomba kwa matako, kikalala juu ya mkungu ambao nao nilikuja kuulipia. Hakuna aliyeumia. Mwalimu alikuwa amesimama chini kwenye kibanda cha chipsi, ameegemea gongo. Alitazama tu, kisha akageuka akaenda nyumbani.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Wiki ile bonde lote lilikuwa linalima, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angetoa maksai shambani. Jirani yetu alitoa. Alikuja na nira begani na mnyororo mpya alioununua Kidatu, akitusema tangu mbali.

"Wala kambale! Mmeona mlima mkadhani ni mto?"

Kuvuta kigari kizito kutoka kwenye mteremko wenye utelezi si kazi ya dakika. Maksai wa kulia aliteleza kwenye jiwe, nira ikamkata begani. Tulipotoka, bega lilikuwa limechubuka, na kesho yake lilikuwa limevimba. Mnyama yule hakufungwa jembe tena hadi bega lilipopona, na mwenzake peke yake hawezi plau. Majirani wengine wote walipanda, shamba la jirani yetu likakaa na magugu yanacheka.

Nilimpelekea hela. Alizitazama akazirudisha kwenye kiganja changu.

"Hela hizi zitalima?"

"Mzee, nifanye nini basi?"

"Wewe si Mndamba, mtu wa mpunga? Kupalilia unajua. Mpunga wangu utachelewa, na magugu yatautangulia. Yakitoka, utapalilia wewe."

Nikasema sawa. Lakini kwanza kulikuwa na Dobi.

Jioni ile mwalimu alipika yeye, akatupakulia, akasema akiwa anaangalia sahani yake, "Malinyi nako wanaishi watu, Dada. Acheni."

Nilikula, nikaosha mikono, nikamwambia fundi, "Haya. Sasa pima."

Alikuwa na rafiki Dar es Salaam anayetengeneza bajaji za umeme. Akakipiga Dobi picha, akamtumia. Jibu lilikuja kwa sauti, na tulilisikiliza wote watatu simu ikiwa juu ya meza. Mwanzoni palikuwa na kicheko tu. Kicheko kirefu. Kisha:

"Nani kawawekea matairi ya trekta, jamani? Gurudumu kubwa linakupa mwendo, linakunyang'anya nguvu. Mnapanda mlima na gia ya kukimbilia! Rudisha madogo. Tena madogo yenye meno marefu."

Fundi hakunitazama. Mwalimu ndiye aliyenitazama, na kwa mara ya kwanza tangu migomba, akacheka. Alicheka hadi akashika nyonga yake. Nami nikacheka. Matope na mlima ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nimejifunza moja tu.

Nilikuwa na mpunga ghalani niliokuwa nausubirisha bei ipande. Niliuza. Vitu vikaja kwa basi kutoka Dar, na fundi wetu akafungua karakana uwani, chini ya turubai, kwa sababu mvua haikutuonea huruma. Betri nane za zamani tulizitoa kwa kushikana wawili wawili. Zilipotoka zote, mwili wa Dobi uliinuka wenyewe, kama tumeshusha watu watatu na mizigo yao. Badala yake ikaingia pakiti moja ya betri ya lithiamu ambayo niliibeba mimi mwenyewe. Nyaya nyembamba zikatoka, zikaingia nene kama kidole gumba, maana zile nyembamba ndizo zilizokuwa zinaungua. Kile kisanduku kinachogawa umeme kwenda kwenye mota kikabadilishwa, kikawekwa kikubwa zaidi. Kaboni mpya za mota, breki mpya, breki ya mkono. Mwili ukashushwa ulivyokuwa, na matairi madogo yenye meno marefu yakafungwa. Kila usiku mdogo wangu alikuwa akinieleza alichofanya, akinionyesha kwa tochi, na mimi nikimwuliza hadi nielewe. Hakuna skrubu ya Dobi ambayo siijui. Nilikuwa nikimtazama akifanya kazi, mikono yake ni ya baba kabisa, baba alivyokuwa akisuka wavu bila kuangalia, na moyo wangu ulikuwa unajaa hadi nilikuwa natafuta sababu ya kwenda jikoni.

Mwalimu alijifunza kwenye barabara ya mashambani, ambako hakuna kitu cha kugonga isipokuwa kuku. Alikuwa mgumu na mwoga kwa siku chache, kisha akazoea. Nilimfundisha jambo moja tu, nililoliona kule yadini: ukiogopa, ondoa mguu, Dobi atakushika.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya kufungua shule, niliyoanza nayo.

Usiku ilikuwa imenyesha kidogo. Jirani yetu alikuwa ameleta maksai wake, bega la yule wa kulia limeshapona, akawasimamisha kwenye kibanda cha chipsi na mnyororo begani.

"Nimekuja kuwahi," akasema. "Najua nitaitwa."

"Mzee, leo umekuja kutazama tu," fundi akamwambia.

"Ng'ombe wangu nao wanatazama. Wana kumbukumbu mbaya na hilo dubwana."

Mwalimu alikaa, akaingiza mguu mmoja, akainua wa kushoto kwa mikono akauingiza, akalaza gongo pembeni. Akafunga kilemba chake upya. Hakutuaga. Dobi kikaondoka bila kelele, kikapita migomba, na sisi nyuma yake kwa miguu. Wanafunzi wakubwa walipoona kinakaribia jiweni wakakimbilia nyuma yake, mikono mbele.

"Anayegusa Dobi atafagia choo wiki nzima!" mwalimu akapaza sauti bila kugeuka.

Mikono yote ikarudi. Nilimpenda mno wakati ule. Kama wangesukuma hata kwa kidole, mwalimu mkuu alikuwa anaona kutoka juu, na isingekuwa njia yake mwenyewe.

Baada ya jiwe, pale njia inaposimama, gurudumu moja la nyuma likateleza. Udongo ukaruka. Dobi kikayumba. Fundi akataka kukimbia. Nilimshika shati kwa nyuma, likachanika begani, sikuliachia. Nilimwona mwalimu anaondoa mguu. Kigari kikatulia kwenye mteremko, hakikurudi. Akakaa hivyo, akatazama mbele, akasogeza usukani kidogo kukwepa utelezi, kisha akakanyaga taratibu, taratibu, na Dobi kikaanza kupanda tena, kwa ile sauti yake nyembamba. Meno ya matairi yakashika. Tulikuwa tunasikia kokoto tu zikiporomoka.

Kisha nikaona mgongo wa kigari umelala sawa. Kilikuwa kimefika uwanjani.

Watoto walilipuka. Fundi alikaa chini kwenye udongo mbichi na shati lake lililochanika, akashika kichwa. Mimi nilipanda mlima ule kwa mwendo ambao sikuwahi kuupanda nikiwa na mtu wa kumwegemeza. Nilifika juu mdogo wangu anatoa mguu wa kushoto, blauzi yake kavu, imepigwa pasi, mkunjo wa mikono bado umesimama.

"Shikamoo, mwalimu mkuu," alisema.

"Marahaba." Mzee yule akanywa chai, akamtazama yeye, akakitazama kigari, akatazama njia. "Weka gari lako kivulini, mwalimu. Kipindi cha kwanza ni hesabu, darasa la tano, na kengele imeshalia."

Malinyi hakuitaja, siku ile wala baadaye. Mwalimu alichukua gongo lake akaingia darasani. Nilisimama dirishani kidogo nikamwona anaandika ubaoni, amesimama. Kipindi kizima amesimama. Wazazi wetu waliolala Mofu karibu na mto wangemwona binti yao pale. Niliwaonyesha, kwa jinsi yangu.

Nilipotelemka, jirani yetu alikuwa bado kwenye kibanda cha chipsi.

"Mnyororo wangu nimeubeba bure," akanung'unika.

"Pole, mzee."

"Pole yako weka. Shambani kwangu umepaona?"

Nilikuwa nimepaona. Sasa ni mwezi wa palizi, na alichosema kimetokea: mpunga wake uliochelewa uko chini, magugu yako juu. Nainama pale kila siku tangu umande haujakauka, na Jumamosi fundi anakuja kuinama upande wangu, akilalamika mgongo kama mzee. Mwalimu nyonga haimruhusu kuinama. Yeye hutuletea chakula na Dobi, anasimama kwenye tuta na kutuambia tulipoacha majani.

Kutoka jarubani nikinyoosha mgongo naiona shule, paa lake la bati na njia nyekundu inayoshuka. Alasiri hutokea kitu cha kijani juu kule, kinateremka taratibu bila haraka yoyote, na jirani yetu akikiona husema, "Yule dobi wenu anarudi," kana kwamba ni jambo la siku zote. Kisha ananionyesha kwa fimbo magugu yaliyobaki. Upande wa barabara tumeumaliza. Upande wa mtoni bado wote, na majani huko yamenifika magotini.